Kilo zilizoondoka na vidonda vya tumbo, na zilizorudi baada ya dozi

Mkanda wangu una matundu matano ya kiwandani na moja la msumari. Hilo la sita nililitoboa mwenyewe jikoni kwa msumari wa moto, maana suruali zilikuwa zinaniteremka. Kazini nilisifiwa. "Umependeza! Unafanya mazoezi gani?" Natabasamu tu, kama mtu mwenye siri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakula vijiko sita, tumbo linajaa kama ngoma, naisukuma sahani pembeni.

Dada yangu ndiye hakunisifu. Siku moja alinitazama nikila, akasema, "Mdogo wangu, huku si kupungua. Huku ni kuisha."

Kwa miezi mitano nilikuwa nimetoka kilo 67 hadi 59. Nilipokwenda kwa daktari, swali lake la kwanza halikuwa kuhusu kilo. Aliuliza, "Maumivu yanakuja kabla ya kula au baada ya kula?" Sikuwa na jibu. Akaniambia niandike kwa siku chache: nimekula saa ngapi, chembe cha moyo kimeanza kuuma saa ngapi. Nakushauri na wewe ufanye hivyo kabla hujaenda kumwona mtu. Daftari langu lilionyesha kitu ambacho nilikuwa nakiishi bila kukiona: kila nilipokula, ndani ya nusu saa naungua. Kwa hiyo nilikuwa nimeanza kukiogopa chakula, taratibu, bila kujiambia.

Kipimo cha choo kikaonyesha bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Kwa kuwa nilikuwa nimepungua bila kukusudia, daktari hakuishia hapo. Alinipeleka nikapigwa kamera ya tumbo, kikaonekana kidonda.

Nikiri ujinga wangu: nilidhani mdudu huyu anakula chakula changu, kama minyoo. Sivyo. Yeye anajichimbia kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo, na ana kimeng'enya (protini ya kuvunjavunja vitu) kinachovunja urea, taka ya kawaida ya mwili, kutoa amonia, ambayo humpozea asidi inayomzunguka. Ndiyo maana anaishi mahali ambapo zamani iliaminika hakuna bakteria anayeweza kukaa. Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wa Perth, Australia, walifanikiwa kumwotesha maabara mwaka 1982. Miaka miwili baadaye Marshall akanywa kikombe cha bakteria hao makusudi ili kuwanyamazisha waliosema bakteria hawezi kuleta vidonda vya tumbo. Baada ya siku chache akawa anatapika, na ukuta wa tumbo lake ukakutwa umevimba. Wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2005. Mimi wangu nilimmeza bure, na pengine utotoni, maana wengi humpata wakiwa wadogo na hawaumwi maisha yao yote.

Kwa hiyo kilo zangu nane hakuzila mdudu. Nilizipoteza mimi kwa kukimbia sahani.

Jirani yangu ana bakteria huyohuyo, na yeye alinenepa. Kidonda chake hakikuwa tumboni bali mwanzoni mwa utumbo mdogo, na cha huko mara nyingi huuma tumbo likiwa tupu: saa mbili au tatu baada ya mlo, au usiku wa manane. Akila kitu, kinatulia. Basi akawa analala na biskuti kando ya kitanda na kuamka saa nane za usiku kutafuna. Mwisho wa mwaka ana kilo za kutosha kutuazima sisi wengine. (Saa za maumivu pekee hazitoshi kusema kidonda kiko wapi, kwa hiyo usijipime kwa habari ya jirani yangu.) Ukiniweka mimi na yeye kwenye mizani, hakuna atakayedhani tuna ugonjwa mmoja. Tangu hapo nikisikia mtu anasema "una H. pylori ndiyo maana umekonda", au "ndiyo maana una kitambi", huwa namwuliza: unakula lini, na unaacha kula lini?

Dozi ilikuwa ya siku 14: vidonge vya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki zaidi ya aina moja. Sitazitaja, kwa sababu mtu atakwenda kuzinunua kwa kukisia, na mdudu huyu hujenga usugu upesi. Nitasema tu kwamba mdomo ulikuwa na ladha ya chuma kama nanyonya sarafu, siku ya sita nikataka kuziacha, na dada akanisimamia kama mtoto mpaka ya mwisho.

Kisha njaa ikaja. Sijui niieleze vipi. Wiki ya tatu baada ya kumaliza dawa nilikuwa nimesimama mbele ya jiko saa nne za usiku nikila moja kwa moja kwenye sufuria, kwa mwiko. Tumbo halijai, hakuna kuungua, na kwa miezi mitano nilikuwa nimesahau raha hiyo. Miezi mitatu baadaye mizani inasoma 70, zaidi ya nilivyokuwa kabla ya kuugua. Nikaingiwa na hofu nyingine.

Kuna homoni iitwayo grelini, ambayo sehemu kubwa hutengenezwa na tumbo lenyewe, na ndiyo inayouambia ubongo kwamba una njaa. Mara nyingi wenye bakteria huyu hukutwa nayo kidogo kwenye damu, na kwa baadhi hupanda akishaondolewa. Si wote, na tafiti zake zinagongana. Utafiti ninaouamini zaidi ulifanyika Bristol, Uingereza: kati ya waliopewa dawa za kumwondoa bakteria, asilimia 19 waliongezeka kilo 3 au zaidi ndani ya miezi sita, kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 13. Tofauti ipo, lakini ni ya watu sita katika mia, na hata wale ambao hawakutibiwa baadhi yao walinenepa. Sehemu kubwa ya kilo zangu nilizitafuta mwenyewe na ule mwiko.

Nilichofanya hakikuwa cha ajabu. Nilirudi kwenye sahani, kwanza ndogo, nikaacha kula nimesimama, na nikawa napima uzito mara moja tu kwa wiki, asubuhi ileile. Kujipima kila siku kulikuwa kunanitia wazimu.

Nimekutana na watu wanaosema bora mdudu abaki ili wasinenepe. Huyu bakteria aliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994. Ni njia mbaya mno ya kutafuta kiuno.

Na wewe unayepungua bila kutaka, usifurahie jibu la H. pylori ukadhani umeshamaliza. Wenye bakteria huyu ni wengi duniani, kwa hiyo unaweza kuwa naye na bado kinachokukondesha kikawa kisukari, kifua kikuu, tezi ya shingo au saratani. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, chakula kukwama kooni: hayo hayasubiri hata kesho.

Mizani haikuweza kuniambia kama nimepona, kwa hiyo ilibidi nirudi kupimwa. Hapo nilikosea. Nilikwenda kwenye kipimo cha pumzi, zaidi ya mwezi baada ya dozi kama nilivyoelekezwa, lakini nilikuwa bado nameza kidonge cha kupunguza asidi kila asubuhi. Mhudumu akaniuliza, nikamwambia. Akafunga faili. "Kaka, hiki kidonge kinaweza kumficha mdudu. Kiache wiki mbili, ndipo urudi." Wiki mbili za kiungulia, nalala nimeegemea mito mitatu. Nikarudi, nikapuliza kwenye kile kifuko, majibu yakatoka hasi. Mkanda wenyewe siku hizi naufungia kwenye tundu la nne.