Usimsubiri ng'ombe ajikune

Mtamba wangu wa kwanza alikufa akiwa na mimba ya miezi sita, na kosa langu naona haya hata kulisema: nilikuwa nasubiri ajikune. Nilijiambia kupe wakimzidi nitamwona anajisugua kwenye nguzo za banda, ndipo nibebe bomba la dawa. Hakujisugua hata siku moja. Alikula, akacheua, mpaka asubuhi moja nikamkuta ameacha majani na tezi ya chini ya sikio imevimba kama limau. Mzee jirani alimpapasa shingo akaniambia, "Mwanangu, hiyo ndigana kali." Huo ni ugonjwa ambao ng'ombe huambukizwa na kupe, nami nilichelewa kumwita daktari wa mifugo. Alipopiga sindano mapafu yalikuwa yameshajaa maji, na mnyama akafa na povu puani.

Baadaye nilimuuliza daktari, mbona hakuwashwa? Akanijibu kwa neno moja: mate. Nilidhani ananitania.

Wakati wa Azimio la Arusha wanyonyaji waliitwa kupe, na tukaambiwa tukate mirija. Kumbe mrija ni nusu tu ya habari. Kupe halisi hutema kwanza, ananyonya, anatema tena, hivyo hivyo kwa siku nyingi. Mbu humaliza shughuli yake ndani ya dakika chache, lakini kupe jike wa sikio, yule wa kahawia, hukaa kama wiki nzima pale pale. Ukikaa kwa mtu wiki nzima unamnywea damu, lazima uwe na namna ya kumfanya asikugundue.

Namna hiyo ni protini zilizo ndani ya mate. Kwanza mate yenyewe huganda kama saruji kuzunguka mdomo wa kupe, ndiyo maana ukimvuta ngozi huja naye. Kisha zipo protini zinazozuia damu isigande, maana jeraha la kawaida lingejiziba na mlo ungeishia hapo. Zipo nyingine zinazowazuga askari wa mwili wasijue pa kukusanyika. Iliyoniuma zaidi ni ile inayohusu muwasho. Ngozi ikichomwa, mwili humwaga kemikali iitwayo histamini, na hiyo ndiyo inayoleta wekundu, uvimbe na hamu ya kujikuna. Mwaka 1999 watafiti walieleza protini za mate ya kupe huyu huyu wa sikio ambazo huikamata histamini na kuifungia kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo mtamba wangu hakuwa mvumilivu wala mpole. Alikuwa amenyamazishwa.

Sasa ukishajua hilo, mambo kadhaa bandani yanabadilika.

Macho hayatoshi, tumia vidole. Kupe jike akishika huwa mdogo kama punje ya ufuta, na hubaki mwembamba kwa siku kadhaa. Kule kufura mpaka awe kama punje ya nyonyo hutokea zaidi siku ya mwisho kabla hajadondoka. Kupe mnene unayemwona ukajisifu umemtoa alishamaliza kazi yake. Mimi nikikamua asubuhi napitisha vidole ndani ya masikio yote mawili, nyuma yake na chini ya mkia. Dakika mbili tu.

Halafu hesabu siku. Hapa ndipo mfugaji ana nafasi yake. Vimelea vya ndigana kali vilivyo kwenye tezi za mate za kupe haviko tayari anaposhika. Huamka na kukomaa baada ya yeye kuanza kunyonya, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya tano, ndipo humwagwa pamoja na mate. Kupe akifa kabla ya hapo, mara nyingi ng'ombe amepona bila kujua. Ndiyo sababu huku kwetu kipindi cha mvua, kupe wakubwa wanapozagaa, tunaogesha mara mbili kwa wiki. Nilipokuwa naogesha kila baada ya wiki mbili nilikuwa nachoma pesa tu, kwani kupe alishika, akashiba na akashuka kati ya josho na josho.

Dawa yenyewe changanya kama kibandiko kinavyosema. Ukiipunguza makali ili ikae muda mrefu, unawafundisha kupe kuizoea. Na bomba la mgongoni halifiki ndani ya sikio, hivyo pale paka kwa mkono, umevaa glovu. Wenzangu mnaofugia ndani msijidanganye pia: kupe huingia na majani mliyokata kule ng'ombe wa wengine wanakopita.

Chanjo ipo, na mtamba wa sasa nimemchanja. Ile iliyoanzia Muguga, Kenya, miaka ya 1970 ina kisa cha ajabu: kupe wenye vimelea huwekwa kwenye sungura wanyonye siku chache ili vimelea vikomae, kisha wanasagwa. Ng'ombe hudungwa vimelea hai pamoja na oksitetrasaikilini ya muda mrefu, dawa ya antibiotiki, siku hiyo hiyo, augue kidogo kisha apate kinga. Chanjo hiyo hutunzwa kwenye naitrojeni ya maji, yenye baridi kali mno, kwa hiyo ni afadhali mjikusanye wafugaji kadhaa mmwite mtaalamu kwa pamoja. Lakini haikingi magonjwa mengine ya kupe kama ndigana baridi na maji moyo, basi bomba usiliuze.

Na wewe mwenyewe ukishikwa na kupe, achana na mafuta ya taa na njiti ya moto. Ukimsumbua anaweza kukutemea zaidi. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta polepole bila kuzungusha, kisha nawa kwa sabuni.

Jumanne nilikuta mmoja nyuma ya sikio la kushoto la mtamba huyu mpya, mwembamba bado. Jumapili hakuwepo, nina hakika, kwa sababu nilipapasa. Nilipomng'oa, mtamba aliendelea kucheua, hata sikio hakulitikisa.