Leseni ya otomatiki au ya gia za mkono?

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na nimehamia Leicester, Uingereza, miezi 8 iliyopita. Nyumbani nilijifunza udereva kwa gari la gia za mkono na nikaliendesha kwa miaka 6. Hapa ninafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, na msimamizi wangu ananihimiza nipate leseni ya Uingereza. Mwalimu mmoja wa udereva amenishauri nifanye mtihani kwa gari la otomatiki kwa kuwa ni rahisi zaidi. Je, nikifuata ushauri huo nitapoteza chochote?
Msomaji, Leicester

JIBU: Utapoteza, dada, na ni vyema ulijue hilo kabla hujalipia somo la kwanza. Katika sheria ya Uingereza, aliyefaulu mtihani wa barabarani kwa gari lenye klachi huruhusiwa kuendesha magari ya aina zote mbili, ilhali aliyefaulu kwa gari lisilo na klachi hubaki na otomatiki peke yake, na leseni yake huandikwa namba 78 kuonyesha mpaka huo. Kinachotazamwa ni pedali ya klachi: hata gari ambalo dereva hubadilisha gia kwa mkono wake huhesabiwa kuwa la otomatiki maadamu halina pedali hiyo, na magari ya umeme yamo katika kundi hilo hilo.

Mpaka huo una uzito. Mwenye leseni ya otomatiki akikamatwa peke yake katika gari la gia, huhesabiwa kuwa ameendesha kinyume cha leseni yake. Anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000 na kupewa alama za adhabu kati ya 3 na 6, na kampuni ya bima inaweza kukataa kumlipa hasara ya gari. Kwa dereva mpya jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu alama 6 ndani ya miaka 2 ya kwanza humfutia leseni.

Simlaumu mwalimu wako. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga klachi, au ambaye mguu wake wa kushoto una tatizo, hufanya vyema kuchagua otomatiki, na Serikali ya Uingereza imeweka mwaka 2030 kuwa mwisho wa kuuza magari mapya yanayotumia petroli au dizeli pekee, kwa hiyo klachi itazidi kuadimika. Lakini wewe umeshaizoea klachi kwa miaka 6, tena katika nchi ambayo, kama Uingereza, magari hupita kushoto na usukani huwa kulia. Ukipewa kesho gari la kazini lenye gia za mkono, kwa nini ulikatae wakati ujuzi unao? Fedha za masomo zitumie kuzoea mizunguko ya barabara za huko na namna mtahini anavyotaka uangalie vioo, kwa kuwa hapo ndipo madereva wazoefu kutoka kwetu huangukia.

Iwapo utaamua otomatiki hata hivyo, njia ya kurudi ipo. Baadaye utafanya mtihani wa barabarani tu kwa gari la gia, bila kurudia ule wa nadharia, na wakati wa mazoezi utabandika alama ya L na kukaa na msimamizi mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, aliyekuwa na leseni kamili ya gari la aina hiyo kwa miaka 3.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kalenda. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa Uingereza bila mtihani. Leseni yako ya nyumbani inakuruhusu kuendesha huko kwa miezi 12 tangu ulipoanza kuishi, nawe umebakiwa na 4. Omba leseni ya mwanagenzi wiki hii, ufanye mtihani wa nadharia, kisha ule wa barabarani, yote kabla ya miezi hiyo kwisha. Ukichelewa, utakuwa mwanagenzi kama yeyote anayeanza, na hutaweza kuendesha peke yako kwenda kwa wazee wako hadi utakapofaulu.