Ute wa baharini hautengenezwi na maji yaliyokosa oksijeni

Swali lililoulizwa ni hili: je, maji ya pwani yakipungukiwa oksijeni ndipo ute wa baharini, ule utelezi mzito unaonata na kutanda majini, hutokea? Hapana. Ute hutengenezwa juu, kwenye tabaka lenye mwanga na oksijeni ya kutosha. Uhaba wa oksijeni uko chini, na sehemu kubwa ni matokeo ya ute wenyewe pamoja na uchafu uleule ulioulea. Hata hivyo, uhaba huo ukishakuwepo, unauandalia njia ute wa misimu inayofuata, kwa hiyo si ajabu watu kugeuza kipi kilianza.

Tuanze na kiwanda chenyewe. Mwani wa hadubini, hasa diatomu (mwani wa seli moja wenye ganda la silika) kama Cylindrotheca closterium na Skeletonema, na katika baadhi ya bahari Gonyaulax fragilis, hutumia kaboni, naitrojeni na fosforasi kwa uwiano unaokaribia 106:16:1. Maji taka na mbolea za mashambani huweza kuleta naitrojeni kupita uwiano huo, basi fosforasi ndiyo inayotangulia kuisha. Bila fosforasi seli haiwezi kujenga DNA wala utando, hivyo haigawanyiki. Lakini jua lipo, kaboni ipo, na usanisinuru hausimami. Sukari inaendelea kutengenezwa bila kuwa na kazi ndani ya seli, nayo seli huimwaga nje ikiwa polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari.

Minyororo hiyo ya polisakaridi ina chaji hasi, na kalsiamu iliyomo katika maji ya bahari huishikanisha. Kwanza hutokea chembe angavu zinazonata ambazo jicho halizioni, kisha vipande, nyuzi, mawingu, na mwishowe tandiko zima linalobeba seli hai, mizoga, kinyesi cha wanyama wadogo na vumbi. Kwa kawaida bakteria wangeula ute huo kadiri unavyotoka. Tatizo ni kwamba nao wanahitaji fosforasi, na haipo. Ulaji unabaki nyuma ya uzalishaji. Hatua hii ndiyo inayosahaulika mno, ilhali ndiyo inayoeleza kwa nini ute hulimbikizana kwa wiki nyingi badala ya kuoza kwa siku chache.

Kinachobaki ni utulivu wa maji. Bahari ya Marmara nchini Uturuki ni mfano mzuri kuliko wote: maji mepesi ya Bahari Nyeusi, yenye chumvi gramu 18 hivi kwa kilo wakati yanapoingia, hukaa juu ya maji ya Mediterania yenye gramu 38 hivi, na mpaka wao uko karibu mita 25 chini. Ute unaozama hufika kwenye mpaka huo mzito ukakwama. Viputo vya oksijeni vya usanisinuru vikinaswa ndani yake, hupanda tena na kuonekana juu. Ndiyo maana mwaka 2021, ute ulipoivamia Marmara, kilichoonekana ufukweni kilikuwa sehemu tu ya kilichokuwa majini. Bahari ya Adriatiki nayo ina kumbukumbu za ute tangu 1729, kwa hiyo viwanda vya kisasa havikuanzisha jambo hili, vinalilisha.

Sasa oksijeni. Ute ukizama, bakteria wa chini huuchambua na kutumia oksijeni ambayo, kwa sababu ya matabaka, haipati mbadala kutoka juu. Ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki hukimbia na viumbe wasioweza kuhama hufa. Wengine, kama matumbawe laini, hufunikwa wakakosa pumzi hata kabla ya hapo. Ikiisha kabisa, salfidi ya hidrojeni, gesi yenye sumu, huanza kutoka. Na hapa ndipo mzunguko unapojifunga: oksijeni inapokosekana, chuma kilichoshika fosfeti (fosforasi katika umbo ambalo mwani huitumia) kwenye matope huiachia. Fosfeti hiyo ikipandishwa na dhoruba, mwani hufumuka, huimaliza haraka, unabaki na njaa ileile, na kumwaga ute upya.

Wanaotaka kupima wasitegemee kipimo kimoja cha juu. Chukua chumvi, joto na oksijeni kila mita moja au mbili hadi chini ya mpaka wa matabaka. Kwa mbinu ya Winkler, inayopima oksijeni kwa kemikali, chupa ya kioo ijazwe kwa mpira unaofika kitakoni, maji yafurike mara mbili au tatu ya ujazo wake, na vitendanishi (kemikali hizo) viingie papo hapo. Kiputo kimoja kikibaki, maji yenye oksijeni kidogo yataonekana mazima. Ute wenyewe usivutwe kwa wavu wa planktoni, kwani hukatika na kupita matunduni. Mpiga mbizi auchukue kwa sirinji kubwa. Kwa chembe angavu, chuja maji kwenye kichujio cha polikaboneti cha mikromita 0.4 kwa mvuto hafifu, usizidi milibari 200, ndipo uweke rangi ya Alcian blue, inayoshika polisakaridi hizo. Usiimwage rangi hiyo kwenye sampuli ya maji ya bahari: chumvi huigandisha, na utahesabu rangi ukidhani ni ute. Pima pia nitrati, amonia na fosfeti siku hiyohiyo, maana uwiano wake ndio utakaokuonya kabla ute haujaonekana.

Kuuzoa juu kunasaidia bandari na wavuvi, na Uturuki ilifanya hivyo Juni 2021 pamoja na mpango wake wa hatua 22. Lakini kinachozolewa ni kile kinachoelea. Kupunguza fosforasi peke yake nako ni hatari: kunashusha wingi wa mwani, lakini naitrojeni ikiachwa ilivyo, uwiano unazidi kupinda upande unaozalisha ute. Mtambo wa maji taka unaochuja takataka ngumu tu na kuyamwaga maji kwenye tabaka la chini hauondoi naitrojeni wala fosforasi. Unayapeleka pale pale ambapo oksijeni imekwisha. Kinachohitajika ni usafishaji wa kibiolojia unaoondoa vyote viwili, na mbolea ya mashambani kudhibitiwa kabla haijafika mtoni. Hata hivyo tabaka la chini litachukua miaka kupata nafuu, kwa sababu fosfeti iliyokwishatua kwenye matope itaendelea kutoka.