Ubao wa futi saba kwa mtu wa Dodoma

Juni ikifika na upepo ukaanza kutimua vumbi huku kwetu, midomo ikapasuka na watu wakatoa masweta, mimi huwa nafikiria bahari. Upepo huu unaotukausha Dodoma ndio huohuo wa kusi unaoinua mawimbi kule pwani. Ni wakati huo pia wadogo zangu wanaotaka kujifunza kuteleza mawimbini huanza kuniuliza: "Kaka, ninunue ubao gani?"

Nami huwauliza kwanza: kwa mwaka utaingia majini siku ngapi?

Hesabu kwa ukweli. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450 kwa barabara. Ukiwa na kazi au masomo, ukajitahidi sana, utapata safari nne au tano kwa msimu, kila safari siku mbili. Hizo hazizidi siku kumi. Kijana anayekaa Kigamboni anazimaliza siku kumi ndani ya wiki mbili, na jioni anarudi tena kuangalia maji. Tofauti hiyo ndiyo inayochagua ubao, kabla hata hatujazungumzia uzito wako.

Mimi sikuijua. Ubao wangu wa kwanza ulikuwa wa futi 5 na inchi 10, mwembamba, umechongoka mbele. Niliuuziwa na mtu aliyekuwa anahama, na niliupenda kwa sababu ulifanana na ule niliouona kwenye video. Misimu miwili nilisafiri nao. Nilipiga maji kwa mikono mpaka mabega yakafa ganzi, na wimbi likanipitia chini kana kwamba sipo. Nilidhani nina tatizo la moyo au la umri. Ubao ule ulihitaji mikono yenye mazoezi ya kila siku na wimbi lenye nguvu, na mimi sikuwa navyo vyote viwili.

Mawimbi yetu nayo yana sababu ya kuwa yalivyo. Madagaska imekaa kati yetu na bahari kubwa ya kusini, inazuia sehemu kubwa ya mawimbi marefu yanayotoka mbali. Tunayopata sisi mengi yamezaliwa na upepo wa kusi karibu na pwani yetu. Yanakuja karibu karibu, laini, hayana msukumo mrefu. Wimbi la namna hiyo linataka ubao unaoanza kutembea mapema, kabla halijasimama wima. Ubao mfupi hauwezi. Mrefu wa futi 9 unaweza vizuri kabisa, ila jaribu kuuingiza kwenye buti la basi.

Ndipo unapokuja ubao wa katikati. Kwa kawaida tunamaanisha kuanzia futi 6 na inchi 8 hivi mpaka futi 8. Umbo lake si jipya: hadi katikati ya miaka ya 1960 watu walikuwa wanatumia mbao za futi 9 na zaidi, kisha kati ya 1967 na 1968, Australia na Hawaii, wachongaji wakaanza kuzikata haraka, wakapitia futi 8 na futi 7 wakielekea kwenye fupi. Siku hizi watu wengi wamezirudia, na kwa mtu wa bara mimi sioni nyingine ya kuanzia.

Angalia lita kabla ya urefu. Mbao nyingi zimeandikwa ujazo wake kwa lita karibu na uti wa katikati. Kwa anayeanza mimi huzidisha kilo zake kwa 0.65 mpaka 0.7. Mwenye kilo 70 atafute lita 45 hadi 49. Mwenye kilo 85 aende 55 na kuendelea. Mimi nina kilo 74, na ubao wangu ni futi 7 na inchi 4, upana inchi 21 na nusu, lita 49. Urefu wake ni mita 2 na sentimita 23, unaingia kwenye buti la mabasi mengi ukiulaza kwa pembe. Ukitaka kusafiri kwa treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, ulizia utaratibu wa mizigo kabla hujakata tiketi.

Baada ya lita, tazama ubao kwa ubavu, kama fundi anayekagua ubao wa mlango. Mpindo wa mbele usiwe mkubwa. Ubao uliojikunja kama mtumbwi utasukuma maji badala ya kuyapanda, na kwenye mawimbi yetu laini utakwama. Pua iwe ya mviringo, upana mkubwa uwe katikati au mbele kidogo ya katikati. Kingo ziwe nene na laini huku mbele, kali karibu na mkia.

Mapezi, yale yanayochomoza chini ya mkia wa ubao, yanawachanganya wengi. Pezi moja kubwa katikati linakwenda moja kwa moja, limetulia, na linakufundisha subira. Mapezi mawili yana kasi na yanageuka upesi, ila kwa asiye na miguu iliyotulia yanateleza. Mimi nashauri ubao wenye pezi la katikati la inchi 6 au 7 na mawili madogo pembeni. Pezi la katikati linakaa kwenye mfereji, unaweza kulisogeza: lirudishe nyuma ubao utulie, lisogeze mbele ubao ulegee na kugeuka kwa urahisi. Msimu wako wa kwanza liache nyuma. Mambo mengine ya mapezi yatakuja yenyewe.

Utanunua wa mtumba, kama sisi wote. Ukague juani. Bonyeza mgongo wa ubao kwa dole gumba, hasa pale kifua na miguu vinapokaa; ukisikia pamebonyea na kurudi kama mkate, ujue gamba la nje la faiba limeachana na povu la ndani. Huo uache. Tazama nyufa kuzunguka mashimo ya mapezi. Doa la njano lenye kivuli kuzunguka ufa maana yake maji yameingia. Ufa mdogo usikutishe, bei ipungue tu. Kuna rezini ya tyubu, gundi inayogandishwa na jua, na jua la Dodoma linaigandisha kwa dakika chache. Hewa yetu kavu nayo hukausha povu lililolowa vizuri kuliko hewa ya pwani. Acha ufa wazi siku kadhaa kivulini, ndipo uzibe.

Lakini jua hilohilo linaua mbao. Naomba hapa unisikilize. Safari moja tuliufunga ubao juu ya gari, tukasimama Kibaigwa kula, tukakaa saa nzima mchana. Tuliporudi, mgongo ulikuwa umevimba malengelenge mawili, kila moja upana wa kiganja. Hewa ya ndani ilipanuka kwa joto ikabandua faiba. Tangu siku hiyo nafunika ubao kwa blanketi jeupe, na mahali pa kusimama natafuta mwembe kwanza, chakula baadaye. Nyumbani usiuweke juu ya dari chini ya bati. Uweke chini ya kitanda. Ubao wa epoksi ukiwa na skrubu ndogo ya kupumulia, ilegeze unapopanda huku juu, maana Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na uikaze kabla hujaingia majini. Andika kwa kalamu kwenye ubao wenyewe: KAZA. Nta inayopakwa juu ya ubao miguu isiteleze nayo ikwangue kabla ya safari ya kurudi, la sivyo itayeyuka na kunasa vumbi lote la barabarani.

Kinachomfaa mtu wa bara zaidi ya yote ni kazi anayoifanya hapa nyumbani kabla ya safari. Chora ubao kwa chaki sakafuni, kwa vipimo vyake halisi, na mstari wa katikati. Lala juu yake, viganja chini ya mbavu, inuka kwa pigo moja, miguu yote miwili itue juu ya mstari. Usipitie magotini. Mara ishirini asubuhi, ishirini usiku. Mwezi mmoja wa hivyo umenisaidia kuliko safari zangu tatu za kwanza. Kuogelea ni lazima. Mabwawa ya hoteli mjini yapo, lipia. Mtu asiyeweza kuogelea mita 400 bila kushika ukingo mimi simpeleki baharini, hata akiwa na ubao unaoelea. Kamba ya mguuni inayokufunga na ubao hukatika. Na msijaribu bwawa la Mtera kwa sababu ni maji mengi na yako jirani. Kuna mamba na viboko.

Ukiwa majini, lala mahali ambapo pua ya ubao inabaki juu ya maji kwa vidole viwili tu. Ikipanda zaidi, umekaa nyuma, unajivuta breki. Anza kupiga mikono mapema kuliko unavyodhani, na ukihisi mkia umeinuliwa, ongeza mapigo mawili kabla ya kusimama. Wageni wengi huacha hapohapo. Ukishasimama, tulia. Ubao huu haupendi kurushwarushwa. Wimbi likilegea, egemea mguu wa mbele, utakimbia. Ukitaka kugeuka, sogeza mguu wa nyuma ukae juu ya mapezi, geuza macho na mabega kule unakotaka kwenda, na usubiri. Utachelewa kidogo, kisha utazunguka kwa upinde mrefu. Ule upinde ndio utamu wenyewe.

Huwezi kuzamisha lita 49 chini ya wimbi kama wenye mbao fupi. Wimbi likija limevunjika, shika kingo zote mbili, jigeuze ubao uwe juu yako nawe chini, lipite, kisha jirudishe. Usiutupe ubao ukapiga mbizi. Nyuma yako kuna mtoto wa mtu. Aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapovunjika ndiye mwenye wimbi. Wewe ngoja jingine. Ukianguka, anguka kwa ubapa, mikono kichwani, maana mwamba uko karibu.

Suala la mwamba alinifundisha mzee mmoja mvuvi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akatazama ubao wangu, akasema: "Mwanangu, leo bamvua. Maji yatakimbia, utabaki na mawe." Sikuelewa. Saa nne asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye mwamba mkavu, na siku yangu moja kati ya kumi imekwisha.

Kumbe hesabu hiyo unaweza kuifanya ukiwa Dodoma, kwa kutazama juu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ni bamvua, maji ya kujaa sana na kupwa sana: pwani ya Dar na Zanzibar maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Siku moja mbili baada ya nusu mwezi, huwa maji mafu: maji hayaendi mbali, mikondo hupungua nguvu, na kujaa kunaangukia asubuhi, saa nne hadi saa tano hivi, wakati kusi bado haijashika kasi na mwamba umefunikwa. Kwa anayeanza na ubao wa futi saba hizo ndizo saa zake. Kwa hiyo chukua kalenda yenye mwezi, tafuta nusu mwezi inayoangukia Alhamisi au Ijumaa ya Julai au Agosti, na ukate tiketi ya Ijumaa jioni.