Usiizime kabla ya dakika ya 37

Ukitaka filamu ya kutisha ya kuangalia na watu wa nyumbani wasiopenda kutishwa, tafuta One Cut of the Dead ya Japani. Nimeionyesha kwa ndugu, majirani na wenzangu wa kazini, na karibu kila mara kuna mtu wa kumzuia asichukue rimoti.

Sababu ni dakika 37 za mwanzo. Kikundi cha watu kinarekodi filamu ya mazombi kwenye jengo lililotelekezwa, mara mazombi wa kweli wanatokea. Yote hayo yamepigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikatwi. Na yanaonekana mabovu hasa. Pale mwanzoni, waigizaji watatu wanasimama kuulizana wanapenda kufanya nini wakiwa na nafasi, wanaishiwa maneno, wanabaki kutazamana. Damu inarukia lenzi, kitambaa kinapita kuifuta. Kuna mahali kamera inalala chini na haiokotwi mpaka unaanza kujiuliza kama umeme umekatika huko kwao. Hapo ndipo sebuleni utasikia: "Hii nayo ni muvi?"

Mwambie avumilie. Kinachofuata sikisemi, ila kila kasoro aliyoiguna ina sababu yake, na sababu hizo ndizo zitakazomvunja mbavu. Mwanzo unawahofia watu wanaokimbizwa na zombi. Baadaye unawahofia kwa jambo jingine kabisa, unacheka huku roho iko juu. Mama mmoja jirani yangu, ambaye damu humkimbiza chumbani, alikuwa anawapigia makofi watu wa kwenye skrini.

Nami naamini ufukara wa filamu yenyewe ndio unaoibeba. Shinichiro Ueda aliitengeneza kwa takriban yeni milioni 3, akitumia waigizaji wasiojulikana waliokutana kwenye warsha ya uigizaji. Ingekuwa na nyota na mitambo ya mamilioni, ile kamera iliyolala chini ungejua ni ujanja tu. Hapa unaamini kweli wameshindwa. Mwaka 2018 ilianza kuonyeshwa rasmi kwenye kumbi 2 tu, watu wakaanza kuambizana, na mwisho wa siku ikaingiza zaidi ya yeni bilioni 3 Japani.

Sasa jinsi ya kuiangalia. Usisome habari zake zaidi ya hapa, na usiangalie trela. Iangalie na watu, maana ukiwa peke yako utaizima mapema. Weka simu mbali hasa mwanzoni, kwa sababu mambo unayoyapuuza ndiyo yatakayorudi. Na tafuta yenye sauti ya Kijapani na maandishi chini, hata kama umezoea zile zilizoingizwa sauti ya DJ. DJ mzuri nampenda, anachangamsha hata filamu iliyopooza, lakini kazi yake ni kujaza kimya, na humu kile kimya cha aibu kikijazwa maneno, kicheko cha baadaye kinakosa pa kushika.

Wafaransa nao waliitengeneza upya, Michel Hazanavicius akiwa mwongozaji, ikafungua tamasha la Cannes mwaka 2022. Iache kwanza, anza na ya Wajapani. Majina yakianza kupita mwishoni msiinuke: hapo wanaonyeshwa mafundi wenyewe wakikimbia na kamera siku ya kurekodi zile dakika 37.