Akina Cheruiyot, Kiplagat na Kirui: je, ni ndugu?

Kila msimu wa marathoni ukipita, maswali ya namna moja hurudi: huyu ni kaka wa yule? Wale ni dada? Leo najibu yale yanayowahusu wanariadha Wakalenjini wa Kenya na Uganda, kwa sababu ndiyo mengi, na kwa sababu watu hawa wametupa fahari kubwa mno kuachwa wachanganywe.

Robert Cheruiyot alishinda marathoni ya Boston mara ngapi? Wengine wanasema nne, wengine tano. (Msomaji, Dodoma)

Unachanganyiwa watu wawili. Robert Kipkoech Cheruiyot alishinda mara nne: 2003, halafu 2006, 2007 na 2008 mfululizo. Ushindi wa 2006 aliupata kwa saa 2:07:14, ikawa rekodi ya mbio hizo. Mwaka 2010 akatokea Robert Kiprono Cheruiyot, kijana wa miaka 21 asiye na undugu naye, akamaliza kwa saa 2:05:52. Yaani rekodi ya Robert Cheruiyot ilivunjwa na Robert Cheruiyot! Hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa, na magazeti yaliyoandika majina mawili tu yaliuzidisha.

Jina la kati ndilo linalowatenganisha. Kwa Wakalenjini, mtoto hupewa jina kufuatana na wakati au mazingira ya kuzaliwa kwake. Kipkoech ni wa alfajiri. Kiprono ni wa jioni, mifugo midogo ikirejea zizini. Cheruiyot ni wa wakati watu wamelala. Fikiria ni watoto wangapi huzaliwa usiku watu wamelala, katika maelfu ya nyumba zisizojuana, halafu majina hayo yakarithiwa na watoto wao. Ndiyo maana tuna pia Vivian Cheruiyot, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 mwaka 2016, na Timothy Cheruiyot, bingwa wa dunia wa mita 1,500 mwaka 2019. Jina moja, nyumba mbalimbali.

Nawaomba watangazaji na wahariri wasikate jina la kati. Mtu aliyekimbia kilomita 42 anastahili kutajwa kwa jina lake kamili.

Edna, Florence na Lornah Kiplagat ni dada? (Msomaji, Tanga)

Hapana, ingawa ningeelewa mtu akidhani ni familia moja yenye kipaji cha ajabu. Edna ni bingwa wa dunia wa marathoni wa 2011 na 2013. Florence aliivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni mjini Barcelona mwaka 2014, akarudi palepale 2015 na kuivunja tena kwa saa 1:05:09. Lornah alichukua uraia wa Uholanzi mwaka 2003, akaipatia nchi hiyo ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2007, na ndiye aliyeanzisha kituo cha mazoezi cha Iten ambacho kimewapokea wakimbiaji kutoka pande nyingi za dunia. Kwangu mimi kituo hicho kina uzito kuliko medali zake zote.

Kiplagat ni mtoto wa machweo. Bernard Lagat naye, bingwa wa dunia wa mita 1,500 na 5,000 mwaka 2007 akiikimbilia Marekani, jina lake linatoka hukohuko. Zamani kijana akishatahiriwa alijulikana kwa jina la baba yake bila ile Kip, kiambishi cha majina ya wanaume: mtoto wa Kiplagat akaitwa arap Lagat. Shule na vitambulisho vilipokuja, wengine waliandikwa Lagat, wengine wakabaki na Kiplagat zima.

Kama Kip ni ya wanaume, mbona Faith anaitwa Kipyegon? (Msomaji, Arusha)

Kwa sababu hilo limetoka upande wa baba. Lake mwenyewe ni Chepng'etich, mtoto wa asubuhi ng'ombe wakitoka kwenda malishoni. Kwa jina la Kipyegon ameshinda mita 1,500 za Olimpiki mara tatu mfululizo: 2016, 2021 kule Tokyo, na 2024.

London 2012 Mganda na Mkenya walikuwa jukwaani wote wakiitwa Kiprotich. Ilikuwaje? (Msomaji, Mbale)

Stephen Kiprotich wa Kapchorwa alichukua dhahabu ya marathoni, dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki tangu John Akii-Bua mwaka 1972. Wilson Kipsang Kiprotich wa Kenya alipata shaba. Si ndugu. Ila Wasabiny wa Kapchorwa na Wakalenjini wa Kenya ni watu wa lugha zilizokaribiana sana, na mpaka wa wakoloni ulipita katikati yao bila kuyagusa majina yao.

Na Kipchoge Keino na Eliud Kipchoge? (Msomaji, Mombasa)

Wote ni Wanandi, mojawapo ya jamii za Wakalenjini, basi. Hawana undugu.

Je, hakuna ndugu wa kweli kabisa? (Msomaji, Morogoro)

Wapo, ila mara nyingi jina halikusaidii kuwatambua. Ismael Kirui, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1993 na 1995, ni ndugu wa damu wa marehemu Richard Chelimo aliyepata fedha ya mita 10,000 Barcelona 1992. Wakati huohuo Ismael hana undugu na Abel Kirui wala Geoffrey Kirui, ambao nao ni mabingwa wa dunia, wa marathoni.

Wenye jina moja na damu moja ni akina Masai wa Mlima Elgon. Katika mashindano ya dunia ya Berlin 2009, Moses alipata shaba ya mita 10,000. Dada yake, Linet, alikuwa tayari ameshinda dhahabu ya umbali huohuo: Meselech Melkamu wa Ethiopia aliinua mikono akidhani kamaliza kazi, naye Linet akajirusha kifua mbele na kumpita mstarini kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde.