Mbwa wetu anatapika na hataki mtu akaribie bakuli lake

SWALI

Daktari, nakusalimu. Tunaishi Katuba, hapa Lubumbashi, katika lupango (ua) moja na familia ya shemeji yangu. Tuna mbwa dume wa miaka 4, jina lake Simba, ambaye tangu utoto wake hakuwahi kutusumbua. Kwa muda wa miezi miwili hivi amekuwa akitapika mara tatu au nne kwa juma. Mara nyingine ni jioni, muda mfupi baada ya kula, na kinachotoka ni bukari (ugali) ileile aliyoila. Mara nyingine ni alfajiri, na hapo hutoa povu la manjano tu. Akishatapika hurudi kuyala matapishi yake, na tukimkimbilia na ufagio ili kumfukuza, hunguruma na kutoa meno. Sasa tabia hiyo imehamia kwenye beseni la chakula, kwenye gunia analolalia, na hata kwenye kandambili akiziokota. Juma lililopita mwanangu wa miaka 6 alitaka kuchukua kandambili yake, Simba akamrukia na kumbana mkono kwa meno, ingawa ngozi haikuchubuka.

Simba hula mara moja kwa siku, jioni, makombo ya nyumbani: bukari, mchuzi, vichwa vya samaki na mifupa ya kuku. Hula katika beseni moja na mbwa mdogo ambaye shemeji alimleta mvua zilipoanza. Zamu wetu, yaani mlinzi wa usiku, anasema apigwe fimbo mpaka ajue nani mkubwa. Jirani anasema amelishwa sumu, tumnyweshe mawese. Shemeji ameshampa vidonge vya maumivu vya watu. Je, ni ugonjwa au ni ukorofi? Na je, tumuuze?

Mama wa watoto watatu, Katuba

JIBU

Mama, umeandika saa ambazo Simba hutapika na sura ya kile kinachotoka, mambo ambayo wenye mbwa wengi huyasahau na ambayo daktari huyauliza kwanza. Umeuliza kama ni ugonjwa au ni ukorofi. Kwa maoni yangu mambo yako mawili yameshikana. Mbwa anayehofia kunyang'anywa hubwia chakula bila kutafuna; chakula kilichobwiwa hivyo hurudi; kikirudi watu humjia na ufagio, na kila anapojiwa hivyo huona kwamba alikuwa na haki ya kuhofu. Umemtaja mbwa mdogo wa shemeji kama kwa kupita tu, lakini ningekuomba ulinganishe siku aliyoletwa na siku ya kwanza Simba alipotapika, kwa sababu mbwa aliyekula peke yake miaka yote, kisha akalazimika kugombania beseni, anaweza kubadilika mwendo wa kula katika juma moja.

Hata hivyo tumbo litangulie, kwa kuwa mbwa mwenye kichefuchefu au maumivu hukasirika upesi, na mafunzo nitakayoyaeleza hapa chini hutumia chakula, ambacho hakimfai mnyama asiyeweza kukikalisha tumboni. Jambo la kwanza ni kutofautisha kutapika na kucheua. Mbwa anayetapika hutoa udenda, hulamba midomo, humeza mate mara kwa mara, kisha mbavu na tumbo hujikaza kwa nguvu kabla ya kitu kutoka. Anayecheua huinamisha kichwa tu, na chakula kikaanguka bila jitihada yoyote, mara nyingi kikiwa kizima na kimefunikwa na ute. Kucheua hutokana na umio, yaani njia ya chakula kabla ya tumbo, au na ulaji wa pupa. Kutapika hutokana na tumbo, matumbo, au ugonjwa ulio mahali pengine mwilini, kama vile figo au ini. Nadhani Simba hucheua jioni na hutapika alfajiri, lakini nadhani tu. Mtazame mara moja kwa makini, ukiwa mbali, ili ujue kama tumbo linajikaza au la.

Lile povu la manjano ni nyongo. Mbwa anayekula mara moja tu kwa siku hubaki na tumbo tupu kwa saa nyingi, na kwa baadhi yao nyongo hupanda tumboni na kuliwasha hadi waitoe kabla jua halijachomoza. Tiba yake ya kwanza ni nyepesi: chakula kilekile cha siku kigawanywe katika milo miwili au mitatu, na mlo mdogo wa mwisho utolewe usiku kabla hamjalala. Povu likikoma baada ya siku chache, mmepata jibu la nusu ya tatizo bila gharama yoyote. Lisipokoma, basi linatokana na jambo jingine.

Kuhusu kubwia, watenganisheni mbwa hao wawili leo hii. Simba ale nyuma ya nyumba, mdogo ale mbele, wasionane, na vyombo viondolewe baada ya kila mmoja kumaliza na kuondoka mwenyewe. Chakula cha Simba kitandazwe kwenye sinia pana badala ya kurundikwa ndani ya beseni. Au mweke katikati ya beseni jiwe kubwa laini lililooshwa, ambalo haliwezi kuingia kinywani mwake, ili alazimike kulizunguka kwa ulimi. Bukari igawanywe vipande vidogo na ilainishwe kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu tonge kubwa gumu likimezwa zima hukaa vibaya kwenye umio.

Mifupa ya kuku iliyopikwa isitolewe tena. Ikipikwa hukauka na kuvunjika vipande vyenye ncha, ambavyo huchoma umio na tumbo au kuziba matumbo. Vichwa vya samaki vyenye miba mikali navyo viachwe. Mchuzi wa vitunguu pia haumfai, kwani kitunguu, kiwe kibichi au kimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mafuta mengi ya kukaanga huweza kuwasha kongosho, na mbwa wa namna hiyo hutapika sana huku akiinua matako na kushusha kifua kwa maumivu. Makombo si dhambi, na sitamwambia mtu wa Katuba anunue chakula cha mbwa cha madukani ambacho bei yake ingelisha watoto. Bukari yenye samaki waliotolewa miba, au nyama isiyo na mafuta, pamoja na mboga kidogo isiyotiwa vitunguu, inatosha kwa sasa.

Halafu minyoo. Mbwa mzima apewe dawa ya minyoo kila miezi 3, na mbwa mdogo kila majuma 2 mpaka afikishe umri wa miezi 3 hivi. Msiache kumpa mdogo eti kwa sababu mgonjwa ni mkubwa: watoto wa mbwa ndio wanaobeba minyoo mingi, na mayai yake hukaa kwenye udongo wa lupango ambapo watoto wenu huchezea, yakaweza kuwadhuru ini na hata macho. Na kwa kuwa tunaishi katika mji wa madini, chunguzeni kama kuna mahali uani, au kwa jirani, ambapo betri za gari huvunjwa au chuma chakavu huyeyushwa. Risasi, nikimaanisha ile madini, ikiingia mwilini mwa mbwa humtapisha, humuumiza tumbo na kumbadilisha tabia kwa pamoja, nayo hugunduliwa kwa kupima damu.

Sumu ambayo jirani anaitaja siioni katika maelezo yako. Sumu ya panya au ya wadudu haimfanyi mbwa atapike mara tatu kwa juma kwa miezi miwili huku akila kwa hamu. Humuangusha kwa saa au kwa siku. Mawese msimnyweshe. Mafuta hayaondoi sumu, baadhi ya sumu huingia mwilini haraka zaidi yakiwapo, na mbwa anayemiminiwa kitu kinywani kwa nguvu huweza kukivuta kwenye mapafu. Vidonge vya shemeji ndivyo vinavyonitia wasiwasi kuliko maneno ya jirani. Ibuprofen na diclofenac hutoboa vidonda katika tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na paracetamol huweza kumuua ini. Tafuteni jina la vidonge hivyo, idadi aliyopewa na siku zake, mumwambie daktari kila kitu bila aibu.

Msingoje kujaribu milo midogo iwapo mtaona damu katika matapishi, au kitu cheusi kinachofanana na unga wa kahawa, ambacho ni damu iliyokaa tumboni. Iwapo hata maji hayakai. Iwapo fizi zimepauka, au amekonda mpaka mbavu zinahesabika. Tumbo likivimba ghafla huku mbwa akijikaza kutapika bila kutoa kitu, huenda tumbo limejisokota, na hapo kinachobaki ni saa chache. Yule mdogo naye, kama hajachanjwa, akianza kutapika na kuhara damu yenye harufu kali, mpelekeni siku hiyohiyo, kwa sababu ugonjwa wa parvo huwamaliza watoto wa mbwa kwa kuwakausha maji.

Sasa niingie katika lile la kunguruma. Mbwa anayenguruma anatoa onyo, na onyo ni jambo la kushukuriwa. Mpige kila anapolitoa, kama zamu anavyoshauri, naye atajifunza kunyamaza, bali hofu yake haitaondoka. Siku nyingine ataruka na kuuma bila kutangaza. Namheshimu zamu kwa kazi yake ya usiku, ila katika hili amekosea, na wamekosea pia wale wanaowapa mbwa pilipili ili wawe wakali kwa wezi. Pilipili huunguza tumbo la mbwa, basi. Mbwa mzuri wa lupango ni yule anayemtofautisha mgeni wa saa tisa usiku na mtoto anayetafuta kandambili yake.

Kabla ya kunguruma huwa kuna dalili nyingine ambazo watu wa nyumbani wanapaswa kuzijua: Simba atasimama kikavu, atateremsha kichwa juu ya chakula, ataongeza kasi ya kula, na weupe wa jicho utaonekana akikutazama kwa pembeni. Mtu akiviona hivyo arudi nyuma taratibu bila kumkodolea macho. Kuanzia sasa asikaribiwe akila, akitafuna kitu, au akilala kwenye gunia lake, na watoto wasimpe wala wasimpokonye chochote. Akiokota kandambili, mtu mzima amtupie kipande cha samaki hatua kadhaa kutoka hapo. Akiifuata samaki, kandambili ichukuliwe akiwa hatazami. Msimdanganye kwa mkono mtupu, maana atakumbuka. Vivyo hivyo kwa matapishi. Kuyala tena ni tabia ya kawaida ya mbwa, inatuchukiza sisi tu, kwa hiyo aitwe kwa sauti ya kawaida, apewe kitu upande wa pili wa uwanja, kisha mwingine asafishe. Ufagio usionekane kabla hajaondoka.

Tumbo likitulia, mtu mzima mmoja, afadhali wewe mwenyewe, aanze kumfundisha. Simba akiwa anakula, pita kwa umbali ambao hajali, mtupie kipande kitamu kuliko kile kilicho kwenye sinia, uende zako. Usisimame, usimguse. Fanya hivyo kila mlo, na umbali upungue kidogo kidogo kwa majuma, kwa kadiri atakavyoinua kichwa akitingisha mkia badala ya kukakamaa. Akikakamaa, umekaribia mno. Rudi kwenye umbali wa jana. Kusudi ni aanze kuona miguu ya mtu kuwa habari njema. Wengi huharibu kazi hii kwa kuweka mkono ndani ya bakuli ili kuonyesha nani mkubwa, na huko ni kumthibitishia mbwa kile alichokuwa akikihofia.

Najua swali ambalo hukuliandika. Kichaa cha mbwa hakifanani na hali hii: mbwa aliyeanza kuonyesha dalili zake kwa kawaida hufa ndani ya siku 10, na Simba yuko hivi kwa miezi miwili. Lakini kama hana kadi ya chanjo, achanjwe juma hili pamoja na mdogo, ikiwa mdogo amefikisha miezi 3, kwa sababu hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Tazama tena mkono wa mwanao mchana, penye mwanga. Hata mkwaruzo mdogo wa jino unahesabiwa: uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo aulizwe kuhusu chanjo, na mbwa afungwe aangaliwe kwa siku 10 badala ya kuuawa.

Kumuuza bila kumweleza mnunuzi ni kuyapeleka meno hayo kwa mtoto wa mtu mwingine. Iwapo uani hakuna namna ya kuwatenga watoto na mbwa, au akiuma mpaka damu itoke, mtafutieni nyumba ya watu wazima watupu, mkiwaambia kila kitu. Kwa sasa sioni kwamba mmefika huko.

Mji wetu una Kitivo cha Tiba ya Mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa hiyo mtu wa kumwendea hakosekani. Siku ya kwenda, Simba avalishwe kamba imara na asilishwe asubuhi, mchukue orodha ya siku na saa alizotapika, picha ya matapishi kwenye simu, paketi ya vile vidonge kama ingalipo, na kinyesi cha asubuhi hiyohiyo katika kopo safi lenye kifuniko. Kinyesi cha jana kisipelekwe, kwani minyoo mingine huwa imeshaangua mayai na kipimo kikasema vingine.